Mashine ya Kujazia Risasi Utakayoondoka Nayo

Rukia mwanangu,

Salamu tutapeana kesho mlangoni, na tutaliliana pale mpaka majirani wachungulie, kwa hiyo hapa sitazipotezea wino. Wala sitakwambia uvae soksi mbili, upike wali badala ya kula vya mikebe, uswali kwa wakati, umpigie bibi yako Mombasa kila Ijumaa. Hayo unayajua, na usiyoyafanya huyafanyi kusudi. Nakuandikia habari ya mashine.

Cheka tu. Mama za wenzio wakiona binti anaondoka nyumbani wanaandika habari za wanaume. Mimi binti yangu anahamia Inverness huko Scotland kutengeneza mitambo ya umeme wa upepo, na kilichonikalisha kitako hapa jikoni, kabla hujarudi kutoka Peckham kusukwa nywele, ni ule ubishi wetu wa juzi. Kati ya mashine mbili za kujazia risasi zilizomo shedini, uende na ipi? Wewe unaitaka ya baba yako, ya kichwa cha kuzunguka. Mimi nataka uchukue yangu, ya hatua moja. Ukanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yako ukitaka kunikata maneno, kwamba hiyo yangu ni ya kupelekwa makumbusho. Makumbusho! Aka, mwana wewe, mimi sitaki kitu kingine ila unirudie na macho yako mawili na vidole vyako vyote, na kwa hilo niko tayari kuitwa mshamba mpaka Kiyama.

Basi kaa usome. Kiswahili unakielewa vizuri sana, kukijibu ndiko hutaki.

Nianze na hiyo ya baba yako, ambayo mimi naiita Kizunguzungu. Nakueleza mambo unayoyajua, najua, lakini unayajua kama kasuku anavyoijua Fatiha. Kujaza risasi upya si uchawi. Una ganda la shaba lililokwisha kupigwa. Unalirudisha umbo lake, unalipachika fataki mpya kitakoni, ile ya kuwashia baruti, unalitia baruti, unaliziba kwa kichwa cha risasi. Kila kazi na kalibu yake, kile chuma kinacholibana ganda. Mashine yangu inashika kalibu moja tu, haina akili ya kushika mbili. Nikirudisha umbo, narudisha maganda yote. Nikipachika fataki, napachika yote. Yakishatiwa baruti yanasimama kwenye kibao chenye matundu, namulika tochi juu yake kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto, na ganda lililopunjwa au lililozidishiwa naliona hapo hapo. Ndipo nafunga.

Kizunguzungu ana kalibu zote juu ya kichwa kimoja. Unaweka ganda moja, unavuta mkono, kichwa kinageuka. Unavuta tena, kinageuka tena. Mpaka risasi inatoka imekamilika, ndipo unaweka ganda jingine. Ni ya kasi, sikatai. Lakini ndani ya ganda lenyewe huoni vizuri, na kichwa kikipita mahali pa baruti bila baruti kushuka, ile mashine haina mdomo wa kukuambia. Inakuzibia risasi tupu, nzuri, inayong'aa, unaiweka boksini pamoja na nduguze.

Na hao wanaume wa kwenye simu yako, wenye ndevu na miwani ya jua ndani ya nyumba, wanaoshindana nani kajaza nyingi kwa saa! Nimewatazama, usidhani sikuwatazama. Mtu anajisifu amejaza boksi zima kabla chai yake haijapoa. Ili iweje? Vita iko wapi? Ni Jumamosi, unapiga karatasi, na karatasi haikimbii. Halafu chini wanatukanana wasiojuana, huyu asema ya hatua moja ni ya wanaoanza, huyu asema ya kuzunguka ni ya wanaume kamili. Wanaume kamili! Waambie wafue shuka za wazee zamu nzima kama mimi, ndipo tuzungumze habari ya ukamilifu.

Usiogope, sitakwambia haraka haraka haina baraka. Hiyo imeandikwa kwenye kanga na vikombe na bado watu wanakimbia. Nitakwambia la baba yako, ambalo unalijua kwa mdomo wangu tu, na mdomo wangu ndio tatizo, utaona.

Baba yako alikinunua Kizunguzungu kwa sababu moja: alitaka mashine ambayo angeweza kuivuta huku anapiga soga. Unakumbuka shedi ilivyokuwa. Jumamosi ikifika, wenzake wa bohari la uwanja wa ndege wanajaa humo, kahawa, kashata, siasa za Mombasa ambayo hawajaiona miaka, na yeye katikati yao anavuta mkono kama mwenye duka la juisi ya miwa. Mimi nilikuwa nakaa na mashine yangu upande wa pili, nimewapa mgongo. Nilikuwa nikisema, "Baba Rukia, hiyo ni baruti, si miwa." Wanacheka. "Mama Rukia bwana, na mashine yake ya Nabii Nuhu!"

Siku moja mtu akabisha hodi mlango wa mbele. Sasa Mzungu akisikia mlango na ganda liko mashinini, atapiga kelele kwamba asubiriwe, amalize. Mtu wa kwetu hawezi. Mgeni asimamishwe nje kwenye baridi kwa ajili ya kipande cha shaba? Baba yako akainuka, akaenda kumpokea, na wewe unajua salamu za watu wa pwani zilivyo: hujambo, watoto hawajambo, wazee je, nyumba je, kuna habari gani za huko, nani kafa. Akarudi naye shedini wameshikana mikono bado wanaulizana. Akakaa, akaushika mkono wa mashine, akaendelea pale alipodhani aliachia.

Kesho yake tukaenda klabuni. Anapiga na ile bunduki yake fupi ya kuvuta wenzo, anapiga vizuri, hakuwa mpigaji mbaya, halafu moja ikatoka puf. Si mlio. Puf, kama mtu aliyetema kokwa la tende. Haikuwa na baruti ndani, nguvu ya fataki peke yake imeisukuma risasi mpaka katikati ya mtutu, ikakwama humo. Na baba yako, mtu mzima mwenye akili zake, akadhani imegoma tu. Akavuta wenzo atie nyingine.

Aliyemwokoa ni Mzee Balbir, yule Kalasinga wa Kisumu aliyetuingiza klabuni, ambaye Kiswahili chake kinakushinda wewe uliyekinyonya. Aliruka kutoka kwenye kiti chake, na magoti yake yale, akamshika mkono baba yako. "Wacha! Wewe, weka chini! Weka chini!" Kama ingepigwa ile ya pili nyuma ya iliyokwama, mtutu ungepasuka karibu na uso wake. Wakaiweka bunduki mezani, wakatia ufito, wakagonga, kidude kikaanguka, tik. Klabu nzima inakitazama kile kidude.

Na mimi nikacheka.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza ili asikose mtu kuelewa, "Si niliwaambia? Si niliwaambia mimi?" Na sikuishia hapo, kwani mimi huishia? Nilikibeba kisa hicho kila arusi na kila maulidi, toka Hayes hapa London mpaka Edmonton kwa shangazi yako, naigiza puf, naigiza anavyokodoa macho. Nikamwita Bwana Puf. Wewe ulikuwa mtoto mdogo, ulikuwa ukimsubiri mlangoni akirudi kazini, "Puf! Puf!", na mimi nakupigia makofi. Naye anatabasamu. Haukupita muda akaiuza bunduki, akasema mgongo unamuuma. Nikamcheka na mgongo pia.

Kizunguzungu kikabaki kimefungwa juu ya meza, kimefunikwa kitambaa, mpaka wewe ulipokua ukapata cheti chako cha bunduki na kabati lako la chuma, na siku ya kwanza ya kujaza risasi zako ukanipita mimi na mashine yangu, ukaenda ukakifunua kile. Mwanangu wa kumzaa! Injinia! Nilikudharau siku hiyo, sitakuficha. Nilijiambia huyu ni baba yake mtupu.

Sasa nikueleze ya leo.

Baada ya kuswali Alasiri nilichukua spana nikaenda shedini, nimeshakata shauri. Ningeifungua yangu nikutilie kwenye buti la gari, uikute Inverness, ukasirike huko. Baba yako akanifuata na kikombe chake cha chai. Akasimama mlangoni kama anayesubiri basi.

"Mpe anayoitaka, Mama Rukia," akasema. "Ameshapata funzo."

"Funzo gani?"

Akatazama ndani ya kikombe.

"Baba Rukia. Funzo gani?"

"Aah. Lile la mwezi uliopita. Risasi ilikwama kidogo."

"Ilikwama kidogo! Risasi inakwama kidogo, kwani ni mlango?"

Ndipo akanieleza, na kila neno nalivuta kama ng'ombe wa kuburura. Kwamba ile Jumapili niliyokuwa zamu kwenye nyumba ya wazee, mlikwenda klabuni wewe na yeye, naye kukaa tu nyuma yako. Kwamba yako nayo ilitoka puf. Kwamba ulisimama hapo hapo, hukugusa wenzo, ukaiweka bunduki chini mtutu mbele, ukainua mkono ukamwita msimamizi. Wakagonga ufito, kikaanguka. Na kwamba ndani ya gari mkirudi ulimwambia, "Usimwambie Mama. Atanicheka."

Rukia. Mimi hapa nimekaa mwezi mzima nakutazama ukila ugali mbele yangu, nakuuliza klabu ilikuwaje, unanijibu ilikuwa sawa.

Niliwaka. Sikuwa na la kufanya na ule moto, nikachukua lile boksi la risasi ulilojaza kwa ajili ya klabu yako mpya, nikachukua ile nyundo yenye tundu ya kung'olea vichwa vya risasi, nikakaa nikaanza kuzifungua moja moja. Gonga, kichwa kinatoka, namimina baruti kwenye mizani, napima. Gonga, namimina, napima. Nilikuwa naitafuta ile tupu. Nilikuwa na hakika ipo, na nilikuwa nimeshatunga nitakayokwambia ukirudi na nywele zako mpya. Wallahi nilikuwa nayafurahia kichwani.

Hakuna tupu. Hakuna iliyopungua, hakuna iliyozidi. Boksi zima. Mizani yangu inasema vilevile kila mara mpaka nikadhani mizani imekufa, nikaijaribu kwa kipimo chake, nzima. Mkono umenivimba, na nilipofika ya mwisho nikaona haya, maana nilikuwa natamani nikute hata moja, ili niwe mimi niliyesema kweli. Mama gani anatamani hivyo?

Ndipo nikakitazama Kizunguzungu kwa macho, si kwa dharau. Kile chuma kinachozungusha kichwa hakimo. Nimekikuta kwenye droo, kimefungwa kitambaa. Umekifungia kichwa kisizunguke. Chini ya meza kuna kibao chenye matundu, kipya, umekitoboa mwenyewe, na tochi ya kichwani. Unarudisha umbo la yote. Unapachika fataki zote. Unatia baruti yote, unamulika. Kazi moja kwa wakati mmoja, juu ya mashine ya kuzunguka! Umeifanya ya baba yako kuwa kama yangu, na juzi ukasimama hapa jikoni ukaniambia yangu ni ya makumbusho.

"Tangu lini?" nikamuuliza baba yako.

"Tangu siku ile. Mimi ndiye niliyemsaidia kukitoa hicho chuma."

"Na hamkuniambia."

"Tukuambie uimbe?"

Halafu akasema jambo ambalo hajalisema miaka yote hii. Hakulisema kwa hasira, na ningependa angekasirika. Alisema, "Mimi nilikaribia kufa siku ile, Mama Rukia. Nikageuka nikutazame, nikakuta unacheka." Akaenda kuosha kikombe chake.

Nimekaa na maneno hayo tangu saa hiyo, na mchuzi umeungua, mtakula mkate.

Mimi si mtu wa kusingizia. Lakini nataka ujue ilivyokuwa, kwa sababu wewe umekitazama kicheko changu tangu utotoni ukadhani ni kicheko. Nilipomwona Balbir amemdaka mkono baba yako, nilijiona mjane. Niliishika meza kwa sababu ningeanguka. Kilichotoka kinywani mwangu kingeweza kuwa kilio, kikatoka vile, na nilipoona watu wanacheka na mimi nikaona afadhali. Hofu yangu ilikwisha siku ile ile. Kule kumcheka arusini na maulidini sina kisingizio nako. Ilikuwa tamu kuwa mwenye haki, basi. Nikampokonya mume wangu kitu alichokipenda, kwa utamu huo.

Na nawe ukajifunza. Ukajifunza kuweka bunduki chini ukisikia puf, na hilo umelijua kuliko baba yako, nashukuru. Ukajifunza pia kumficha mama yako. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kila mara nilidhani methali hiyo inamsema anayeficha. Leo naona inamsema na yule anayefanya watu wafiche.

Sasa mashine. Nimekifungua Kizunguzungu, kiko kwenye buti, nimekivika blanketi la zamani. Kile chuma chake nimekutilia pia. Nilitaka kukitupa kwenye pipa la jirani, mkono uliniwasha, lakini nimekutilia. Ukitaka kukirudisha siku moja kichwa kizunguke, ni wewe na akili zako, nami nimeziona akili zako kwenye mizani. Yangu itabaki hapa, na mimi nayo tutazeeka pamoja kwenye makumbusho.

Bado ni mashine ya kipuuzi. Usidhani nimebadili dini. Na hao wenye ndevu bado ni wapuuzi, na ukinisimulia kwamba umejaza boksi kabla chai haijapoa nitakufuata huko Inverness kwa basi. Mtu akikubishia hodi, mwache agande. Ndiyo, mimi mama yako nakuambia hivyo, mgeni asimame nje kwenye mvua ya Scotland mpaka ganda lililo mkononi mwako limalizike au litolewe. Salamu zitangoja. Baba yako aliona haya kumchelewesha mgeni dakika moja, na mgeni huyo leo hata jina lake silikumbuki.

Boksi lako nimelivunja lote. Maganda na vichwa nimekufungia, baruti nimeirudisha koponi mwake. Utajaza upya huko. Samahani. Nimeliandika, lisome vizuri, maana kwa mdomo sijui kulisema, na kesho mlangoni nitakuwa nakugombeza habari ya koti.

Jambo moja tu nakuomba, na sikuombi kama ninavyoamrisha siku zote. Siku moja itakwama tena. Kila anayejaza risasi hayo humkuta, hata mwenye mashine ya Nabii Nuhu. Yalinikuta mimi mwaka ule ulipoingia sekondari, nikagonga ufito peke yangu nikanyamaza kimya, na sasa na wewe unajua. Ikikwama, weka bunduki chini, mwite msimamizi, itoke. Kisha kaa mahali unipigie mimi. Si baba yako, mimi. Hata niko zamu, hata namvisha mzee wa watu suruali, nitapokea. Na si la risasi tu. Likikukwama lolote huko, la kazi, la mwanamume, la upweke, nipigie kabla hujalipamba.

Nitakutukana kwanza, hilo nakuahidi, siwezi kuliacha kwa umri huu. Nitakuita majina. Lakini Rukia, mwanangu, ukinisikia nacheka, usikate simu. Ndivyo ninavyoogopa.

Mama yako